Sifa nyingi, mshahara nusu: kisa cha mlinzi wa usiku Kijitonyama

Mlinzi huyu alipofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria alikuwa na madai matatu, na ubaguzi haukuwemo. Alidai mshahara wa mwezi alioufanyia kazi. Alidai sime yake, iliyobaki kwa mwajiri. Na alitaka itamkwe mbele ya watu kwamba yeye si mwizi. Ilibidi tukae naye kitako, tumuulize habari za saa za kazi, mahali alipokuwa analala, na mwenzake wa zamu ya mchana analipwa ngapi, ndipo kisa chenyewe kikaanza kujitokeza. Nakiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu, na kwa yeyote anayeishi kwenye nyumba yenye geti na Mmasai mlangoni. Majina nimeyaacha, na alama chache nimezibadilisha wahusika wasitambulike.

Ni kijana wa Simanjiro, mkoani Manyara. Ukame wa 2021 na 2022 uliua ng'ombe kwa maelfu huko, na boma la kwao likabaki na mifugo ya kuhesabu kwa vidole. Wafugaji wa Simanjiro walikuwa wameshapunguziwa pa kukimbilia tangu zamani: Tarangire ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, maji na majani waliyoyategemea wakati wa kiangazi yalibaki ndani ya mpaka. Kwa hiyo ukame ukipiga, vijana wanashuka mjini. Dar es Salaam utawakuta wanasuka nywele Kariakoo na Mwenge, wanatembeza dawa za mizizi na katambuga, na wengi wao wanalinda. Huyu alipokelewa na mtu wa rika lake, akawa anakesha naye kwenye lindo lake siku za mwanzo, mpaka akapata lindo lake mwenyewe Kijitonyama. Ni jengo la apatimenti nane ndani ya ukuta mmoja, mali ya mama mmoja ambaye haishi hapo.

Masharti yalisemwa kwa mdomo, wamesimama getini. Kazi ni saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku zote saba za juma. Mshahara shilingi 110,000 kwa mwezi. Pa kulala ni stoo iliyo chini ya ngazi, pamoja na pampu ya maji na makopo ya rangi. Na avae shuka. Hilo mama alilisisitiza kuliko yote: nyumba ikilindwa na Mmasai aliyevaa Kimasai, na rungu lake mkononi, wezi wanapita mbali. Shuka, rungu, tochi na koti la mvua alinunua kwa hela yake. Sime alikuja nayo kutoka nyumbani. Ilikuwa ya marehemu baba yake.

Mchana geti lilikuwa na mlinzi mwingine, ambaye si Mmasai. Yeye pia alikaa saa kumi na mbili kwa siku, lakini siku sita, ya saba anapumzika. Alikuwa na mkataba wa kurasa mbili uliosainiwa, sare mbili za bluu alizonunuliwa na mwajiri, na shilingi 200,000 kila mwisho wa mwezi. Geti ni lile lile, daftari la wageni ni lile lile, na mwajiri ni yule yule.

Hali ikaenda hivyo miaka miwili. Kisha usiku mmoja gari la mpangaji lililoegeshwa nje ya ukuta, kwa kuwa ndani palijaa, likaibiwa vioo vya pembeni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kundi la WhatsApp la wapangaji lilikuwa limeshatoa hukumu. Mmoja aliandika: "Hawa Wamasai wanajuana wote, mmoja akilinda kumi wanakuja kupeleleza." Mwingine akaongeza: "Wengine hata si wa hapa, ni wa Kenya. Kesho kashahama, hamumpati." Hakuna aliyeuliza gari lilifika saa ngapi na nani alikuwa getini wakati linaegeshwa. Hakuna hata aliyeandika jina lake. Wapangaji wanane, miaka miwili, na kwenye ujumbe wote ule yeye ni "Masai" tu. Kabla ya saa mbili asubuhi mwenye nyumba alikuwa ameshafika, amemwambia atoe vitu vyake stooni, na amemzuilia sime "mpaka vioo vipatikane".

Hakuja kwetu siku hiyo. Alikwenda kwa wazee wa Kimasai walioko mjini, kama ilivyo kawaida yao, na wazee wakafanya walichoweza: walimpigia simu mama, wakaapa kuwa kijana wao si mwizi, simu ikakatwa, wakaanza kumtafutia lindo jingine. Naielewa hekima ya utaratibu huo. Unampa mtu mlo wa kesho bila kuingia ofisi ya mtu. Ila una gharama yake, kwa sababu anayepata lindo jipya baada ya siku nne hana sababu ya kulifuatilia la zamani, na mwajiri hakutani na mtu wa kumwambia lolote. Huyu wetu lindo jipya lilichelewa, ndiyo maana wiki ya nne tukamwona. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kikazi ndani ya siku 60. Tulikuwa na siku za kuhesabu.

Kabla ya Tume tulipita ofisi ya serikali ya mtaa, hasa kwa ajili ya sime. Hapo ndipo kisa kilipojieleza chenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu mwema, na naliandika hili bila kejeli. Alitukaribisha, akamwamkia mama mwenye nyumba, akamwonyesha kiti. Kisha akamgeukia kijana, ambaye alikuwa bado amesimama: "Wewe Masai, una namba ya NIDA?" Mama hakuulizwa namba yoyote ya kitambulisho. Kijana alikuwa nayo, ameihifadhi kwenye simu, akaisoma tarakimu moja moja huku mtendaji anaiandika. Siku ile alikuja na suruali ya jinzi na fulana, na karani mmoja akamtania kuwa huyu ni Mmasai gani asiye na shuka. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili cha kawaida. Lafudhi yake waachiwe wachekeshaji, ambao wameshaitumia vya kutosha.

Mama hakuwa mkali. Alishangaa kabisa kwa nini ameitwa, na alipopewa nafasi alisema hivi, nikiwa naandika:

"Mwenyekiti, mimi Wamasai nawapenda jamani. Ni waaminifu, hawana makuu. Mtu wa mjini ukimpa laki na kumi hakai. Ana kodi, ana watoto, ana nauli. Mmasai yeye shuka lake na maziwa yake, usingizi hana, baridi haimuumi. Hela yenyewe anapeleka kununua ng'ombe. Sasa laki mbili nimpe za nini?"

Watu wakacheka kidogo, hata mwenyekiti. Kijana hakucheka. Akasema, "Mzee, mimi nakula kwa mama ntilie kama watu wote. Na wadogo zangu wawili wako sekondari." Mazungumzo yakahamia kwenye vioo vya gari.

Mimi naona kisa chote kimo ndani ya yale maneno ya mama, na ndiyo maana nimeyanukuu yalivyo. Tumezoea kuutambua ubaguzi kwa matusi. Tunasubiri mtu aitwe mshamba, mchafu, mtu wa porini, ndipo tuseme hapa pana shida. Wamasai wa mjini hukutana na hayo pia, lakini kwenye ajira kinachowaumiza zaidi ni sifa. Hebu zitazame sifa za mama moja moja, uone kila moja ilikata nini. "Hana makuu" ilikata mshahara. "Usingizi hana" ilikata siku ya mapumziko. "Baridi haimuumi" ilimweka stoo na kumnunulisha koti lake mwenyewe. "Waaminifu" ilifuta mkataba, maana nani anaandikiana na mtu mwaminifu? Hata sifa ya kupendana, kwamba Mmasai akienda nyumbani analeta mwenzake ashike lindo na geti halilali wazi hata usiku mmoja, mama aliifurahia kwa miaka miwili bila kulipa mlinzi wa akiba. Usiku wa vioo ikageuzwa ushahidi: wanajuana wote.

Sifa ya namna hii haimhusu aliyesifiwa. Mama hakuwahi kumuuliza kijana yule kama ana usingizi. Alikuwa anazungumza na picha, ile ile iliyoko kwenye mabango ya utalii, ya Mmasai anayeruka juu na asiye na mahitaji ya mtu wa kawaida. Picha haidai likizo.

Suala la shuka nalo lina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwaachisha Wamasai mavazi yao kwa jina la maendeleo, na mkoani Arusha waliovaa lubega walikatazwa kupanda mabasi. Leo Dar es Salaam mwajiri anamtaka avae shuka ndipo apewe lindo, na dalali, kama nitakavyoeleza, anamnyima chumba kwa kuliona shuka hilo hilo. Nyakati zote mbili anayeamua Mmasai avae nini ni mtu mwingine. Alipovaa jinzi kuja ofisini, akaonekana si Mmasai kamili.

Sasa sheria. Wenzangu wengi wakisikia kisa cha Mmasai hukimbilia mjadala wa watu wa asili, na ni mjadala halali. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, lakini msimamo wa serikali umekuwa kwamba Watanzania wote ni wa asili, na nchi haijaridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu watu hao. Upande mwingine, kikundi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kinawataja Wamasai, Wabarbaig, Wahadzabe na Waakie miongoni mwa jamii hizo. Mjadala huo unabeba uzito kwenye mambo ya ardhi, Ngorongoro na Loliondo. Kwenye lindo la Kijitonyama hauna kazi, na ukiuingiza unampa wakili wa upande wa pili pa kupotezea muda wa kila mtu.

Njia ni fupi zaidi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwa misingi kadhaa, na kabila au mahali mtu alipotoka ni miongoni mwake. Katiba nayo, ibara ya 13, inataja kabila na pahala mtu alipotokea katika kueleza maana ya kubagua, na ibara ya 23 inazungumzia ujira unaolingana na kazi bila ubaguzi. Utamu wa kifungu cha 7 uko kwenye mzigo wa kuthibitisha. Mfanyakazi akishaonyesha msingi wa dai lake, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea, au kwamba tofauti ile haikutokana na kabila. Kwa mtu asiye na karatasi hata moja mkononi, hilo ni jambo kubwa. Na kuna jingine linalosahaulika: sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi, na pale penye mzozo, mwajiri asiyeweza kuyaonyesha ndiye anayebebeshwa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Kutokuwa na mkataba si kosa la mlinzi.

Tukapiga hesabu. Mlinzi wa mchana, saa 72 kwa juma, ni wastani wa saa 312 kwa mwezi; gawa 200,000 unapata kama shilingi 641 kwa saa. Wa usiku, saa 84 kwa juma, ni saa 364 kwa mwezi. Gawa 110,000 unapata shilingi 302. Chini ya nusu, kwa kazi ambayo sheria inasema ilipwe zaidi, kwani saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5. Tusidanganyane, huyo wa mchana naye alikuwa anapunjwa. Saa za kawaida ni 45 kwa juma, na za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika majuma manne. Wote wawili walivuka. Wakili wa mama angeweza kusema kweli kabisa kwamba mteja wake anawakandamiza wafanyakazi bila kujali kabila. Tulichotakiwa kukishikilia ni ile tofauti kati yao.

Utetezi ulioandaliwa ulikuwa mwingine, na ulikuwa na akili. Kwamba kijana si mlinzi kwa maana ya sheria, ni mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023 na ndiyo iliyokuwa inatumika wakati wa kisa hiki, iliweka shilingi 60,000 kwa mtumishi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, wakati mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi aliwekewa 148,000 na wa kampuni ya kimataifa 222,000. Kwa hesabu hiyo 110,000 ilikuwa ukarimu. Ile stoo chini ya ngazi, ambayo sisi tuliiona kuwa ni dharau, wao waliileta kama ushahidi wa "makazi".

Jibu letu lilikuwa kwamba jengo la apatimenti nane za kupangisha ni biashara, mama mwenyewe haishi humo, na hakuna kaya ambayo kijana alikuwa anaihudumia. Halafu, kama kushika geti ni utumishi wa nyumbani, mbona wa mchana ana mkataba ulioandikwa "mlinzi"?

Mkataba huo tuliupata kwa mlinzi wa mchana mwenyewe. Alikuja jioni baada ya zamu, akatoa nakala kwenye bahasha, akasema, "Kaka, huyu dogo hajaiba. Na mimi ningekuwa sijui anapata ngapi, ningenyamaza." Picha za skrini za ujumbe wa WhatsApp tulipewa na mpangaji mmoja, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa. Ushahidi mzuri kuliko wote, yale maneno ya mama ofisini, ulitukwama. Mwenyekiti alikataa kabisa kuwa shahidi. "Mimi ni wa wote," alisema, "nikisimama upande mmoja kesho nani atakuja ofisini kwangu?" Mtendaji naye akasema hakumbuki. Yakabaki yale niliyoandika mimi.

Fomu ya Tume ina sehemu ya kueleza aina ya mgogoro, na hapa nawaomba wenzangu wasiwe na haraka. Kijana mwenyewe alitaka tuandike kuachishwa kazi na mshahara, basi. Ubaguzi ulikuwa neno letu, yeye alikuwa na lake: "Ndivyo Waswahili walivyo na sisi." Tulimweleza kuwa dai lisipoandikwa mwanzoni ni kazi ngumu kuliingiza baadaye, na kwamba likiwemo, ile tofauti ya 90,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, yaani shilingi 2,160,000, inapata mguu wa kusimamia. Akakubali. Mfanyakazi anaweza kwenda mbele ya Tume na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, si lazima awe wakili, kwa hiyo aliingia na mwenzetu mmoja na mzee mmoja wa Kimasai wa kumsaidia pale Kiswahili cha ofisini kinapokuwa kizito.

Yaliyosemwa ndani ya chumba cha usuluhishi ni siri kwa mujibu wa kanuni, na sitayaandika. Naweza kusema kilichotoka nje. Walisaini makubaliano: mshahara wa mwezi ule, malipo badala ya notisi ya siku 28, likizo za miaka miwili ambazo hakuwahi kupewa, na sehemu tu ya zile tofauti tulizodai, ikiitwa "malimbikizo ya saa za ziada". Sime ikarudishwa. Mama akaandika barua ya mistari mitatu kwamba mfanyakazi wake wa zamani hakukutwa na kosa lolote la wizi. Dai la ubaguzi likaondolewa, kama upande wa pili ulivyosharti.

Nimesikia wenzangu wakilaumu hapo: tungekwenda mbele kwenye uamuzi, hatua inayofuata usuluhishi ukishindikana, tupate tuzo, yaani hukumu ya Tume, iliyoandika neno kabila kwa herufi kubwa. Mimi sikubaliani nao. Kwenda mbele kungekuwa ni miezi, na mtu mwenyewe alikuwa analala kwenye lindo la watu. "Mimi nataka hela yangu na sime yangu," alisema, na kisa ni chake. Ninachokubali ni kwamba kwa rekodi za nchi ubaguzi huu haukutokea. Kuna mzozo wa saa za ziada uliosuluhishwa, faili limefungwa. Na nchi hii haina hesabu nyingine ya kuonyesha jambo hilo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, lakini swali la kabila halijaulizwa kwenye sensa tangu 1967, kwa sababu za kujenga taifa ambazo naziheshimu. Matokeo yake hatuwezi kusema walinzi wa Kimasai wanalipwa wastani wa ngapi kulinganisha na wenzao. Tuna faili moja moja tu, na nyingi zinafungwa kwa jina jingine.

Chumba ndicho kilichonishinda. Wakati madai yanaendelea kijana alitafuta pa kupanga, akiwa na hela ya kodi ya miezi mitatu aliyochangiwa na wenzake. Dalali mmoja wa Sinza, kijana mchangamfu tu, alimpokea vizuri kwenye simu, akamwambia vyumba viwili vipo, aje na hela ya udalali ya mwezi mmoja. Alipofika na shuka lake dalali akashika kiuno. "Ah, kumbe ni wewe. Mama mwenye nyumba Wamasai hataki, kaka. Mmoja anapanga, wanalala kumi. Tena mnanuka moshi, wapangaji watahama." Alisema kwa upole, kama anavyomwambia mtu kuwa choo ni cha nje. Mwenye nyumba hakuwepo kuulizwa. Wa pili alisema chumba kimeshachukuliwa; rafiki yake asiye Mmasai alipopiga simu nusu saa baadaye, chumba kilikuwepo.

Kisheria hili ni baya zaidi kuliko la mshahara, maana pa kulipeleka hapaonekani. Kifungu cha 7 ni cha waajiri. Sheria ya zamani ya udhibiti wa pango ilifutwa mwaka 2005, na mwenye nyumba leo anachagua mpangaji atakavyo. Ibara ya 13 ya Katiba ipo, lakini kuidai kunapitia Mahakama Kuu chini ya sheria ya 1994 ya utekelezaji wa haki za msingi. Nani atafungua shauri Mahakama Kuu kwa chumba cha kupanga Sinza? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko, ila macho yake yako zaidi kwa watumishi na vyombo vya umma. Tulichofanya kilikuwa cha mtaani: mzee wa Kimasai alimfuata mwenye nyumba anayefahamiana naye Gongo la Mboto, akamdhamini kwa mdomo, kijana akapata chumba akakaa na wenzake watatu. Kwa kuwa wanafukuzwa kwingine, wanajaa pale wanapokubaliwa, na dalali wa Sinza akipita hapo atasema si niliwaambia.

Lindo la Kijitonyama lilipata mlinzi mpya wa usiku, Mmasai mwingine, safari hii kwa mkataba wa maandishi. Mshahara wake sikuuona. Aliyeumia ni wa mchana. Mkataba wake wa mwaka ulipoisha hakuongezewa, baada ya kuongezewa bila maneno mara zote za nyuma, na aliambiwa getini kwamba nyumba haihitaji watu wanaotoa karatasi za ofisi nje. Karatasi ile ilikuwa mkataba wake mwenyewe. Kuanzia sasa, pale dai linapotegemea mshahara wa mwenzake, tunapendelea mwajiri alazimishwe na Tume kuleta mikataba yote kwenye hatua ya uamuzi kuliko kumwomba mfanyakazi aliye kazini atoe nakala yake. Mlinzi huyo wa mchana ameshafungua faili, na kwenye sehemu ya aina ya mgogoro tumeandika kuwa alikuwa na matarajio halali ya kuongezewa mkataba, na kwamba alinyimwa kwa sababu alimsaidia mwenzake kudai haki.